Nyota za Pembeni: Kunyoosha Kihisi cha Kamera Chini ya Anga la Lamu

Picha ya nyota huhukumiwa pembeni. Katikati ya fremu hata lenzi ya bei nafuu hujitahidi ikatoa vidoti safi vya mviringo. Kazi iko kwenye pembe nne. Ukikuta pembe moja nyota zimerefuka na kufifia, na pembe ya mkabala iko safi kabisa, watu wa fani hii watakujibu kwa neno moja: mwinamo. Maana yake kihisi, yaani kile kipande cha silikoni ndani ya kamera kinachopokea mwanga, hakikukaa sambamba na uso ambao lenzi inautupia picha. Upande mmoja umeikaribia lenzi, wa pili umerudi nyuma, na kwa kuwa fokasi ni moja tu, huwezi kuzipata pande zote mbili kwa pamoja.

Jibu hilo huwa sahihi mara nyingi. Kinachonisumbua ni kile kinachofuata. Mtu huchukua bisibisi usiku huohuo, akaanza kuzungusha skrubu za bati la kurekebishia mwinamo, na kabla hajakunja vitu vyake pembe iliyokuwa mbaya imenyooka na nyingine iliyokuwa salama imeharibika. Nimewaona vijana ninaopiga nao picha hapa Lamu wakizunguka humo humo. Makala haya nawaandikia wao, pamoja na yeyote aliyeko Malindi, Kilifi au kwingineko mwambaoni anayefungua kamera yake kwenye hewa ya chumvi. Msimamo wangu ni huu: katika mazingira yetu kihisi chenyewe ni cha mwisho kushukiwa, na skrubu zake ni za mwisho kuguswa.

Tunashindana na ukubwa gani

Kuna kanuni inayotumika sana kukadiria kina ambacho ndani yake fokasi bado inahesabika kuwa kali. Zidisha 4.88 kwa urefu wa wimbi la mwanga, kisha zidisha kwa mraba wa namba ya f, yaani urefu wa fokasi wa lenzi ukigawanywa kwa kipenyo chake. Kwa mwanga wa kijani, wenye wimbi la maikroni 0.55 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), darubini ya f/5 inakupa maikroni 67 hivi, karibu sawa na unene wa unywele wa mtu. Lenzi ya f/2.8 inakupa 21. Lenzi ya f/2 inakupa 11 tu. Mwenye darubini ndefu ya f/10 ana maikroni 268 za kujinafasi, ndiyo maana anaweza kupiga picha miaka mingi asilisikie tatizo hili hata siku moja.

Madhara yake yanahesabika kirahisi. Gawanya kosa la fokasi kwa namba ya f, utapata upana wa doa. Kosa la maikroni 50 kwenye f/5 linaitandaza nyota kwa maikroni 10. Kamera yangu ina pikseli za maikroni 3.76, kwa hiyo hizo ni karibu pikseli tatu, na jicho linaziona bila kutafuta. Kosa hilohilo kwenye f/2 linatandaza maikroni 25, zaidi ya pikseli sita. Kihisi changu ni cha ukubwa wa APS-C, milimita 23.5 kwa 15.7, nyuma ya darubini ya lenzi yenye milimita 400 na f/5. Kwenye upana wa kihisi hicho, mwinamo wa sehemu moja ya nane ya digrii unatosha kuleta tofauti ya maikroni 50 kati ya ukingo na ukingo. Hakuna jicho litakaloiona pembe hiyo ukiitazama kamera mkononi.

Wajenzi wa vyombo vikubwa wanahangaika na jambo hilihili. Kamera ya kituo cha kutazamia anga cha Vera C. Rubin, kule Chile, ina vihisi 189 vilivyopangwa kwenye uso wenye upana wa sentimita 64, nyuma ya darubini ya f/1.2, na uso huo mzima ulibidi uwe bapa kiasi kwamba hautofautiani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unywele. Anga wanalolipiga wao ni la kusini, lilelile tunaloliona sisi tukilala chali darini.

Kabla ya kuita mwinamo

Nyota zikirefuka fremu nzima, katikati na pembeni, zote kuelekea upande mmoja, huo si mwinamo. Hapo stendi haifuatilii anga sawasawa, au upepo umeitikisa. Kwetu hili ni la kawaida kwa sababu ya mahali tulipo. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko digrii 2 tu juu ya upeo wa macho, imezama kwenye ukungu wa bahari, na Nyota ya Kaskazini haichomozi kabisa. Stendi nyingi hata hazikutengenezwa kulala chini kiasi hicho. Inabidi uielekeze kwa kuangalia nyota inasogea wapi, urekebishe, uangalie tena. Ukaribu huohuo na ikweta ndio uliowaleta Waitaliano Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lao la baharini setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kulitazama anga kwa mionzi ya eksirei. Roketi hufaidi mzunguko wa dunia ulivyo wa kasi kwenye ikweta. Stendi ya darubini haifaidi chochote.

Nyota zikirefuka kwenye pembe zote nne kwa namna moja, ama zimeelekea katikati ama zinaizunguka katikati, basi tazama umbali kati ya kihisi na lenzi ya kusawazisha uga, ile ya ziada inayoifanya picha iwe bapa hadi pembeni. Lenzi nyingi za aina hiyo hutaka milimita 55. Ukitia filta yenye unene wa milimita 2, kioo chake kinaisogeza fokasi nyuma kwa thuluthi ya unene huo, milimita 0.67 hivi, na lazima uziongeze kwenye hesabu. Watu wengi huzisahau.

Yanabaki mawili yanayofanana mno: mwinamo wa kudumu, na kunepa. Mrija wa fokasi, ule unaoisogeza kamera ndani na nje, ukiwa umelegea na umebeba kamera yenye feni na mfumo wa kupoza, hunepa kwa uzito. Picha ya kitu kilichonepa na picha ya kihisi kilichoinama ukiziweka pamoja hutazitofautisha. Dawa zake ni mbili tofauti kabisa, na ya mmoja haimfai mwingine.

Anza kwa kutembeza fokasi kidogo kidogo, ndani na nje, ukipiga picha fupi kila hatua. Pembe mbaya ikinyooka huku ile ya mkabala ikiharibika, umo kwenye mwinamo au kunepa, hapana shaka. Pembe zote nne zikiboreka pamoja huku katikati ikiharibika, ni mpindo wa uga, yaani uso wa picha umejikunja kama bakuli, na kazi yako ni kurudi kwenye zile milimita 55.

Kisha igeuze kamera digrii 180 kwenye adapta yake, yaani pete zinazoiunganisha na darubini, usiguse kitu kingine chochote. Pembe mbaya ikibaki palepale kwenye picha, ugonjwa unasafiri na kamera. Ikihamia pembe ya mkabala, kosa liko upande wa darubini: mrija, lenzi ya kusawazisha, au lenzi kubwa yenyewe.

Jaribio la tatu ndilo ninalolithamini zaidi, na kwa anga letu lina sharti ambalo sijaona likiandikwa kwa ajili ya watu wa ikweta. Nyota inapovuka mstari wa kaskazini na kusini, stendi ya kawaida inakulazimu uipindue darubini upande wa pili. Ikipinduka, kamera imegeuka juu chini mbele ya uvutano wa dunia. Kitu kinachonepa sasa kitanepa kuelekea pembe ya mkabala ya picha. Mwinamo wa kudumu hautahama. Picha moja kabla na nyingine baada zinatosha kuwatenganisha.

Sharti ni hili: usilifanye kwa kitu kinachopita utosini. Hapa Lamu vitu vingi vinavyopendwa vinapita utosini au karibu nao; Nebula ya Orion inapita digrii 3 tu kutoka hapo. Darubini ikitazama juu moja kwa moja, uzito wa kamera unavuta kufuata mrija, na hakuna kinachonepa kwenda upande. Ukijaribu kukwepa hilo kwa kulinganisha Orion ikiwa mashariki na Orion ikiwa magharibi baada ya kupindua, unaingia kwenye mtego mbaya zaidi. Darubini imelalia upande wa pili, na kamera nayo imegeuzwa. Badiliko moja linalifuta jingine, kunepa kunaangukia pembe ileile ya picha. Mtu anaona pembe haikuhama, anatangaza mwinamo, anaanza kuzungusha skrubu za kihisi kisicho na kosa ilhali mrija ndio uliolegea. Vitabu na maelezo mengi yameandikwa na watu wa digrii 40 na 50 kaskazini, ambako Orion huvuka ikiwa chini, na kwao jaribio hilo linawapa jibu la kweli. Kwetu linadanganya.

Kwa hiyo chagua kitu kinachovuka kikiwa chini. Nebula ya Carina inafaa mno. Kwetu kilele chake ni digrii 32 hivi juu ya upeo wa kusini, na mwanzoni mwa Machi, kaskazi inapoishia, inavuka karibu saa sita usiku. Tena eneo lile limejaa nyota hadi pembeni, kwa hiyo programu inapata za kutosha kupima. Piga dakika chache kabla haijavuka, pindua, piga tena. Na ulinganishe mafaili kama yalivyotoka kwenye kamera, kabla programu ya kuunganisha picha haijayazungusha ikayaweka sawa.

Mchanga wa Shela

Majaribio yakishakwambia kosa ni la kudumu na haliko kwenye mrija, bado usifungue bisibisi. Fungua adapta.

Tunapiga picha nyuma ya kijiji cha Shela kwa sababu huko kuna giza na upeo wa kusini uko wazi hadi baharini. Huko pia ndiko kwenye machuguu ya mchanga, na kusi likivuma mchanga ule hutembea usawa wa vifundo. Chembe ya mchanga wa machuguu huwa na upana wa milimita 0.2 hivi. Iweke chembe moja kwenye ukingo wa adapta yenye kipenyo cha milimita 60, kisha ukaze. Ukingo mmoja umeinuka milimita 0.2, na kwenye kihisi cha upana wa milimita 23.5 hiyo ni tofauti ya maikroni 78. Kina chote cha fokasi yetu kwenye f/5 kilikuwa 67. Chembe moja, ambayo ukiwa nayo mkononi unaipuliza, imeshamaliza bajeti nzima.

Ndiyo maana nasisitiza kuzisafisha nyuso za adapta kabla ya hesabu yoyote. Ifungue kila pete. Ishike usawa wa jicho, uimulike kwa tochi kutoka ubavuni, siyo kutoka juu. Chembe inatupa kivuli kirefu kuliko yenyewe, na hapo ndipo inapoonekana. Pitisha brashi laini, kisha kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti kidogo, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba polepole kuzunguka uso mzima. Ukucha huhisi kilichoukosa jicho. Utakuta vitu vitatu: mchanga, unga mweupe wa alumini iliyoliwa na chumvi, na makovu ya chuma pale adapta ilipoangushwa au kubanwa vibaya. Viwili vya kwanza vinasafishika. Kovu lililoinuka lisugue kwa jiwe laini la kunolea, likiwa bapa, kwa mkono mwepesi, mpaka ukucha upite bila kukwama.

Na kama kamera yako imeshikwa kwa pua iliyoingizwa kwenye shimo na kubanwa na skrubu mbili za kidole, tafuta adapta ya kusokota. Skrubu za kidole huisukuma pua upande mmoja kila unapokaza, na kila usiku unakuwa na mwinamo mpya. Hakuna bati la kurekebishia litakalolitibu hilo.

Nathubutu kusema usafi huu peke yake huondoa sehemu kubwa ya miinamo ninayoletewa.

Namba tano

Kilichobaki baada ya hapo ndicho cha kupima. Programu za ASTAP na Siril zote ni za bure, na zote zinaweza kukuonyesha mwinamo kutoka kwenye picha moja. Nazitumia kujua nielekee wapi. Kwa kusahihisha, hata hivyo, nataka namba zenye kipimo cha urefu, na hizo huja kutoka kwenye fokasi yenyewe: mota ya fokasi inasimama wapi pale nyota za katikati zinapokuwa ndogo kabisa, na wapi kwa kila pembe. Namba tano. Asiye na mota anaweza kutumia kinyago cha Bahtinov, kifuniko chenye mipasuo kinachowekwa mbele ya lenzi kuonyesha fokasi, alichokibuni Pavel Bahtinov wa Urusi mwaka 2005, ambacho hata kwa karatasi ngumu kinakatika. Uipeleke nyota angavu kwenye kila pembe, usome kwenye kipimo cha gurudumu.

Tuseme hatua moja ya mota ni maikroni 3, na namba ikipanda mrija unatoka nje. Katikati umepata 5005. Juu kushoto 5020, juu kulia 5012, chini kushoto 4998, chini kulia 4990.

Kabla ya yote jumlisha pembe za mkabala. 5020 na 4990 ni 10010. 5012 na 4998 ni 10010 pia. Zimelingana, maana yake kihisi ni bapa na kweli kimeinama. Zisingelingana, kuna pembe umeipima vibaya au kuna kitu kingine ndani ya lenzi, na hapo hakuna skrubu ya kuzungusha, unapima upya. Kisha tafuta wastani wa pembe nne: 5005, sawa na katikati. Hiyo inakwambia umbali wa lenzi ya kusawazisha uko sahihi. Ingekuwa wastani wa pembe umeachana mbali na katikati, ungerudi kwenye milimita 55 kwanza. Hesabu hizi mbili zinachukua dakika moja, na sijui kwa nini watu wengi huziruka.

Sasa mwinamo wenyewe. Upande wa juu unahitaji hatua 22 zaidi ya upande wa chini: maikroni 66 kwenye kimo cha milimita 15.7. Kushoto kunahitaji hatua 8 zaidi ya kulia: maikroni 24 kwenye upana wa milimita 23.5. Upande wa juu unataka mrija utoke nje zaidi, yaani sasa hivi uko karibu mno na lenzi, lazima urudishwe nyuma. Kwa hiyo upande wa juu ndio wa kuwekewa kitu kati ya adapta na kamera. Adapta ni pana kuliko kihisi, kwa hiyo unene unaotakiwa ukingoni ni mkubwa zaidi: gawanya 66 kwa 15.7, zidisha kwa milimita 65 za adapta, unapata maikroni 273, robo milimita na kidogo. Upana huo wa adapta ni rehema. Unakuwezesha kusahihisha maikroni kwa kutumia vitu vinavyoshikika kwa mkono.

Lakini upande wa juu wa picha ni upande gani wa kamera? Usikisie. Ivue kamera, washa picha za moja kwa moja, imulike kwa tochi ya simu kutoka umbali wa kama mita moja, kisha pitisha kadi mbele ya mdomo wake kutoka upande mmoja, bila kugusa kioo. Kivuli kikiingia kwenye picha kutoka juu, upande uliopitishia kadi ndio wa juu. Utie alama kwa kalamu ya wino usiofutika, J kwa juu, na alama hiyo itakuokoa kila mara.

Vipande na skrubu

Kwa vipande vya kutilia, mwanzo nilitaka shaba, nikaenda kwa sonara mmoja hapa mjini.

“Ami, naomba bati la shaba la robo milimita.”

“La kutia wapi?”

Nikamwonyesha adapta. Akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha.

“Hii alumini, mwanangu. Shaba na alumini haziivani kwenye chumvi. Ngoja kusi moja lipite, hutazibandua.”

Alisema kweli. Metali mbili tofauti zikilowa chumvi huliwa pale zinapogusana, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo tumia alumini kwa alumini. Foili ya jikoni huwa na unene wa maikroni 16 hivi, na ubavu wa kopo la soda unakaribia maikroni 100. Makopo mawili na foili chache zinakupa karibu kipimo chochote. Kata ukanda mwembamba wa upinde, usawazishe kingo zake kwa jiwe lilelile la kunolea ili ukali wa mkasi usiongeze unene, uuweke upande wa J, ukaze taratibu.

Mwenye bati la skrubu anafanya hesabu hiyohiyo. Skrubu ya M3, yenye kipenyo cha milimita 3, inasogea milimita 0.5 kwa mzunguko mmoja, basi robo ya mzunguko ni maikroni 125 ukingoni, na kwenye kimo cha kihisi inabaki kama 30. Nenda kwa robo, kamwe usizidishe, na upime tena kabla ya inayofuata. Legeza skrubu inayolivuta bati kabla ya kukaza inayolisukuma, na mwisho zikaze zote kidogo kidogo kwa zamu, maana kukaza kwenyewe husogeza. Napendelea mabati ya skrubu tatu kuliko ya nne. Ya nne ni rahisi kufikiria, kila mhimili na jozi yake, lakini kigoda cha miguu mitatu hakichezi popote utakapokiweka, na cha minne lazima mguu mmoja ukae hewani au ubao upinde. Bati likipinda, umejiongezea ugonjwa usio na jina.

Kwa kamera ambayo jaribio la kuigeuza limethibitisha kuwa ndiyo yenye kosa, kazi ya mchana ni bora kuliko ya usiku. Nautandaza ubao wenye tundu kati ya makabati mawili, mita 2 juu ya sakafu, nailaza kamera kifudifudi juu ya tundu. Leza dhaifu ya miliwati 1 inakaa sakafuni, inapiga juu kwa mshazari mdogo, na mwanga unaoakisiwa na kihisi unaangukia karatasi kando yake. Kisha naizungusha kamera palepale. Kihisi kikiwa kimenyooka, doa halisogei. Kikiwa kimeinama, doa linachora duara. Mwinamo wa digrii 0.12 kwa umbali huo unachora duara lenye upana wa milimita 17, mtoto anaweza kulipima kwa rula. Utaona madoa zaidi ya moja, kwa sababu kioo cha mbele na kifuniko cha kihisi vyote vinaakisi. La kufuata ni lile lenye vidoti vidogo vilivyopangwa kwa safu kulizunguka. Hizo safu zinatoka kwenye pikseli zenyewe. Usilitazame leza wala uakisi wake kwa jicho, na watoto wa nyumba wawe chumba kingine. Leza inanyoosha kihisi kwa uso wa kamera tu, haijui lolote kuhusu darubini, kwa hiyo usiku bado utapima zile namba tano.

Ukishapata sawa, usitenganishe. Kamera yangu na lenzi ya kusawazisha hukaa pamoja zikiwa zimekazwa, ndani ya sanduku lisilopitisha hewa lenye vifuko vya silika, na adapta ninayoifungua ni moja tu, ile ya upande wa mrija. Kila unapofungua umeialika chembe nyingine.

Lenzi fupi za f/2 sina njia ya kuzimaliza. Nina moja ya milimita 135 ambayo kioo kimoja ndani yake hakikukaa katikati. Jumla za pembe za mkabala hazilingani hata siku moja, na kwa hesabu tuliyofanya hapo juu hiyo inatosha kunizuia nisiguse skrubu. Naifunga hadi f/2.8, kina kinapanda kutoka maikroni 11 hadi 21, na pembe ya chini kushoto, ambayo bado haijanyooka, naikata wakati wa kupanga picha. Kwa Njia Nyeupe ikiwa juu ya kisiwa cha Manda mwezi wa Julai, fremu hiyo iliyokatwa bado ina upana wa kutosha kuibeba Antares, nyota iliyo moyoni mwa kundi la Nge, pamoja na majirani zake.